Swali la Baraka

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi, na Nimia Ortellado bado hajauliza swali hata moja. Ameketi barazani kwa Mirna Cabañas, katika kijiji cha Potrero Yvate mkoani Caazapá, nchini Paraguay. Dodoso limelala mapajani, miwani ameipandisha kwenye nywele. Pembe ya tereré, chai baridi ya huku, inakwenda na kurudi. Dahiana, binti mkubwa wa nyumba hii, anatwanga majani katika kinu kidogo, anayatumbukiza kwenye maji ya barafu, anajaza pembe na kuwapa watu kwa zamu: mama, bibi, mgeni.

"Ukitoa karatasi kabla pembe haijazunguka, watakujibu kama wanavyomjibu polisi," Nimia ananinong'oneza. "Ndiyo, hapana, hamna shida, kwaheri."

Anafyonza mrija wa chuma mpaka pembe inakoroma, kisha anairudisha bila neno. Hapa ukisema asante umeshaaga, na pembe haikurudii tena.

Nimia ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuwasomea wazazi maswali kuhusu watoto wenye baridi yabisi, ugonjwa ambao wengi bado wanaamini ni wa wazee tu. Dodoso analotembea nalo liliandikwa mbali, kwa Kiingereza, ili madaktari wa nchi nyingi waweze kulinganisha hali za watoto wao. Linauliza mtoto anaweza kufanya nini kwa mikono na miguu yake, anaumwa kiasi gani, na akiamka viungo vinakaza kwa muda gani.

Kabla halijatumika lazima lipewe ulimi wa watu wa mahali. Wafasiri wawili walilitia katika Kiguaraní, lugha ya huku, wengine wawili ambao hawakuliona la kwanza wakalirudisha lilikotoka, kikao kikakaa Asunción, mji mkuu, kikabishana kwa siku kadhaa. Baada ya hapo ndipo anapoingia Nimia. Yeye huwasomea walengwa wenyewe, na kila baada ya swali huuliza swali lake mwenyewe: "Hapo umeelewa nini?"

Majibu mengine huwa ni vituko. Dodoso la kwanza liliuliza kama mtoto anaweza kuingia na kutoka kwenye bafu la kulala. Mama mmoja wa upande wa Yuty alimtazama Nimia kwa huruma. "Alale majini kwani yeye chura?"

Swali jingine lilitaka kujua kama mtoto anaweza kusukuma mlango mzito, kwa watu ambao mlango wao wa mchana ni pazia. La viungo kukaza liliuliza dakika na saa. Siku hizi Nimia anauliza kama mtoto analegea kabla chai ya moto ya asubuhi haijaisha, au baada ya ng'ombe kukamuliwa, na kila mtu anajua jibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotunga maswali yale wanalala kwenye vitanda vingine, na hilo si kosa. Kosa ni kuyachukua vile yalivyo, kuwasomea watu wa Caazapá, halafu kuandika kwenye ripoti kwamba watu wa Caazapá hawajui kujibu. Limeshafanyika mara nyingi, na waliolifanya wamepandishwa vyeo.

Kabla ya kazi hii Nimia alikuwa sauti. Kwa miaka kumi na minne alisoma matangazo katika redio ndogo ya mjini Caazapá: fahali aliyepotea, sala za siku tisa za marehemu, fulani anakuja na basi la jioni, mpokeeni njia panda. Redio ikafungwa. Hospitali moja ya watoto ya Asunción ilikuwa inatafuta mtu wa kuwasomea wazazi Kiguaraní wanachokisema, si kile cha vitabuni, na mtu akamkumbuka.

Analipwa guaraní laki moja na themanini elfu kwa siku ya safari, na siku za safari hazifiki kumi kwa mwezi. Siku nyingine huoka chipa, mikate midogo ya jibini, na kuziuza stendi.

"Watu wananiuliza, 'Nimia, wewe ni nesi?' Nawaambia hapana. 'Mwalimu?' Hapana. 'Sasa unauza nini?'" anasema. "Na chipa ninazo begani, basi nauza chipa."

Nyumba ya Mirna anaijua. Alifika hapa mara ya kwanza mwaka juzi, Julai, wakati wa baridi. Na hakuja kutafuta mgonjwa, alikuja kutafuta mzima.

Dodoso kama hili lazima lijibiwe pia na wazazi wa watoto wasio na ugonjwa, ili ijulikane kama kweli linawatenganisha wagonjwa na wazima. Mwalimu mkuu wa kijiji alitaja nyumba kadhaa zenye watoto wenye afya njema. Mmoja wao alikuwa Yeruti, binti mdogo wa Mirna, wakati huo akiwa na miaka minane. Baba yake yuko Buenos Aires kwenye kazi za ujenzi, kama baba wa nusu ya kijiji.

Mirna alijibu upesi, mikono ikiwa kwenye beseni la muhogo. Anaweza kuvaa mwenyewe? Bila shida. Anaweza kukamua nguo iliyolowa?

"Anaweza."

"Huwa anakamua?"

"Aa, hukamua Dahiana. Huyu mdogo ni mvivu kidogo."

"Kumenya muhogo?"

"Anaweza, akitaka."

"Akitaka?"

"Asubuhi hataki kitu, dada. Asubuhi yuko kama bibi yake. Ikifika mchana unamkuta uwanjani anakimbizana na wenzake. Huyo ni mgonjwa?"

Nimia aliandika "bila shida". "Niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe," anasema. "Swali lilikuwa anaweza, na mama kasema anaweza."

Bibi Apolonia, mama yake Mirna, alikuwa kwenye kiti cha kamba akivuta sigara ya tumbaku ya shambani. Ni mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwenye maneno machache na makali. Aliwasikiliza mpaka karibu na mwisho.

"Andika na hili," akasema. "Anaweza kila kitu, ila adabu hana."

"Mama, mgeni hakuja kwa hayo," Mirna akamwambia.

"Mgeni kauliza mtoto anaweza nini, namjibu. Tangu Pasaka haniombi baraka."

Huku mtoto akiamka, akirudi shuleni, akikutana na babu au mama wa ubatizo njiani, huunganisha viganja mbele ya kifua, na mkubwa humchorea msalaba hewani: Mungu akubariki. Hufundishwa kabla hajajua kutamka vizuri. Asiyefanya hivyo hana malezi, na aibu ni ya nyumba nzima.

Bibi Apolonia alikuwa ameamua kumrudi mjukuu wake kwa njia anayoijua. Asiyeomba habarikiwi. Toka Pasaka hadi Julai Yeruti alikwenda shule bila baraka na kulala bila baraka, bibi akigeukia ukutani kila mtoto alipopita. Anayeona hilo ni jambo dogo hakulelewa huku. Mtoto asiyebarikiwa hutoka nyumbani akiwa peke yake, hata akiongozana na dada yake.

Haikupita muda Yeruti akarudi kutoka shule, amevaa koti jeupe la wanafunzi juu ya sweta, mikono ameificha ndani. Akapita kandokando ya ukuta.

"Nilisonya," Nimia anasema. "Mimi pia ni mtoto wa huku. Niliwaza, bibi ana haki kabisa."

Bibi Apolonia akamwita. "Wewe, rudi. Mwombe mgeni baraka. Au na yeye humtaki?"

Mtoto akarudi, akainua mikono. Ncha za vidole zikagusana, lakini viganja havikukutana. Katikati pakabaki uwazi, viwiko vikachomoza pembeni, macho yake yakabaki chini.

"Umemwona?" bibi akasema. "Anatania. Kama ameshika mpira. Baraka huombwa hivyo?"

Nimia alishuka kitini akachuchumaa mbele yake. Akaingiza vidole chini ya sweta, akashika kifundo cha mkono wa kushoto. Kilikuwa kimevimba, tena cha moto, siku ambayo hata mawe ya uani yalikuwa baridi.

"Inauma?"

"Si sana."

"Tangu lini?"

Yeruti akamtazama bibi kwanza. "Tangu nilipoanza kuwa na kiburi."

Nimia akamuuliza ana maana gani.

"Bibi alisema nina kiburi," mtoto akasema. "Nikajua ndicho kinachouma."

Nimeandika habari za mafuriko na za ajali za barabarani kwa miaka mingi. Sikumbuki maneno ya mtoto yaliyoniuma kuliko hayo, na niliposimuliwa ilinibidi niifunge kalamu kwa muda.

Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema. Ila hapa hakuna aliyeficha. Mtoto aliyaonyesha maradhi yake mbele ya kifua, na nyumba nzima, mgeni akiwemo, ikayaita utovu wa adabu. Ugonjwa wenyewe uliwasaidia kukosea, maana huukaza mwili asubuhi na kuulegeza mchana, na mtoto mgonjwa asubuhi anayecheza mchana ni rahisi sana kumwita mjanja.

Nimia hakutaja ugonjwa wowote. Hana ruhusa, na hakuwa na hakika. Aliwaambia tu kwamba mkono ule daktari auone, na upesi. Kisha akarudi kwenye dodoso lake lenye "bila shida" toka juu hadi chini. Anasema hapo ndipo alipoogopa. "Nilimwandika mzima. Kama bibi asingelalamika, ningeondoka na mtoto mgonjwa kwenye fungu la wazima, na Asunción wangefurahi kwamba karatasi yao inafanya kazi."

Daktari Wilfrido Achucarro, aliyempokea Yeruti Asunción, ni mtaalamu wa baridi yabisi ya watoto. Ni mtu mpole, wa kucheka na watoto, lakini alipoulizwa habari hii hakucheka.

"Kuunganisha viganja ni kipimo chetu sisi wenyewe," alisema. "Mtoto akija tunamwambia afanye kama anasali, tuone vifundo vinapinda kiasi gani. Nimefanya hivyo miaka yote. Na kila Krismasi wapwa wangu wananijia na viganja vimeunganishwa, nawabariki. Mambo hayo mawili yaliishi ndani ya kichwa kimoja na hayakuwahi kusalimiana."

Yeruti alichomwa sindano ndani ya viungo na kuanzishiwa vidonge vya kila wiki. Anavimeza Ijumaa, na Jumamosi nzima humtia kichefuchefu. Mkono wa kulia umerudi karibu wote. Wa kushoto haukurudi. "Miezi ile ni mingi kwa kifundo cha mtoto," alisema daktari.

Bibi Apolonia aliambiwa habari hiyo na Mirna aliporudi na mtoto kutoka Asunción. Hakulia mbele za watu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nyumba imelala, na Mirna anasimulia kwamba alimkuta mama yake amesimama kando ya kitanda cha Yeruti, anamchorea msalaba kwenye paji la uso.

"Nikadhani anambariki mara moja," Mirna anasema. "Akarudia, akarudia tena. Nikamuuliza, mama, unafanya nini? Akaniambia niache, anahesabu siku. Alimbariki kwa kila siku aliyomnyima, mpaka mkono ukamchoka, akaketi sakafuni."

Baada ya hapo Nimia alikwenda na ombi lake kwenye kikao cha Asunción. Alitaka swali la mlango mzito liondolewe na mahali pake liwekwe hili: je, mtoto anaweza kuunganisha viganja anapoomba baraka? Mwendo wa kifundo ni uleule, alisema, tofauti ni kwamba hili linaulizwa kila asubuhi katika kila nyumba, na nyumba ikikosa jibu hukasirika.

"Nilifikiri watanipongeza," anasema na kucheka. "Wakaniambia, haya, kathibitishe."

Pingamizi halikuwa la kijinga. Dodoso lazima lilingane na la nchi nyingine, ama sivyo kulinganisha ni kazi bure. Tena si kila nyumba ina desturi hiyo: walokole wengi wameiacha, na mjini watoto wengi husalimia kwa busu tu. Daktari Achucarro mwenyewe alikuwa na wasiwasi huo. Nimia alizunguka na swali lake karibu mwaka mzima, kwa wagonjwa na kwa wazima, akanyeshewa, akakimbizwa na mbwa, akaandika bila upendeleo kila alipolikuta halina maana. Kwa walokole lilikuwa ganda tupu. Kwingine, wazazi waliosema hamna shida kwa kila kitu walifika hapo wakanyamaza.

Jibu la wakubwa wa dodoso, wale wa ng'ambo, lilikuja Machi mwaka huu. Swali linaweza kuulizwa mwishoni, baada ya alama kujumlishwa, lakini jibu lake lisihesabiwe.

"Wamelipatia kiti barazani," anasema Nimia. "Ndani hawajalikaribisha. Lakini aliye barazani huonekana na wapitao."

Mimi naona huo ni uchoyo. Nimia hataki niandike hivyo, kwa hiyo ieleweke kuwa ni maoni yangu na si yake.

Sasa pembe imezunguka vya kutosha. Nimia anasema asante, anashusha miwani, anaanza kusoma lile dodoso jipya. Yeruti, ambaye sasa ana miaka kumi, ameketi kwenye kizingiti, uso umempauka kwa vidonge vya jana. Mirna hajibu tena upesi kama zamani.

"Anaweza kukamua nguo iliyolowa?"

"Ngoja nimuulize mwenyewe. Yeruti, unaweza?"

"Shati ndiyo. Jinzi hapana."

"Usiseme uongo, hata soksi unanipa mimi," Dahiana anadakia kutoka kwenye kinu.

"Soksi zako zinanuka, ndiyo maana."

Bibi Apolonia anawatazama wote wawili, wananyamaza. Maswali yanaendelea: vifungo, kijiko, kupanda pikipiki nyuma ya mjomba. Wanafika la mwisho, lile la barazani, na bibi anaizima sigara yake kwenye mguu wa kiti.

"Hilo nitajibu mimi."

"Kwa taratibu anajibu mzazi, bibi," Nimia anamwambia kwa upole.

"Mwache ajibu," anasema Mirna.

Nimia anasoma polepole, kwa sauti yake ya redio. Je, mtoto anaweza kuunganisha viganja anapoomba baraka: bila shida, kwa shida kidogo, kwa shida kubwa, au hawezi kabisa?

Bibi anajisogeza mbele kitini. Anamwita mjukuu wake. "Njoo nione leo."

Yeruti anasogea, anainua mikono. Kiganja cha kulia kimenyooka vizuri. Cha kushoto kinafika nusu ya njia na kubaki hapo, kimeegemea vidole. Bibi anakitazama kwa muda mrefu kuliko swali linavyohitaji.

"Kwa shida kubwa," anasema. "Andika. Na uandike kwamba nambariki hivyohivyo."

"Hapana nafasi ya hilo, bibi."

"Kwa nini?"

"Ni karatasi ya daktari. Inauliza habari za mtoto tu."

"Basi karatasi yenu inamhoji asiye na kosa," anasema Bibi Apolonia, na kumchorea mjukuu wake msalaba.

Nimia anaandika "kwa shida kubwa". Anafunga dodoso, anafuta miwani kwa pindo la sketi, na hafanyi haraka kuivaa.

Ni baadaye, tukiwa tunatembea kwenye udongo mwekundu kuelekea barabara kuu, ndipo ninapomuuliza anatumaini nini. Anasema angependa swali lake lihesabiwe kabla hajazeeka. Angependa pia lisomwe kwa mabibi, si kwa mama peke yao, maana mama huona kazi iliyofanyika na bibi huona mtoto anavyosimama mbele yake. Halafu anasimama.

"Lakini hata wasipolihesabu," anasema. "Sitaki mtoto mwingine afundishwe kwamba maumivu yake ni tabia mbaya. Yule amepona mkono mmoja na nusu. Hilo jingine sijui litapona lini. Bado akiumwa huomba radhi kwanza."

Wiki ijayo amepangiwa kuanza kijiji kingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, kutafuta tena watoto wazima. Amempigia mwalimu wa huko amtajie nyumba. Mwalimu amejibu kwa ujumbe wa sauti, na Nimia ananisikilizisha tukiwa kando ya barabara. Mwalimu anasema njoo tu, mama, watoto wangu wote ni wazima, hakuna mgonjwa hata mmoja. Yupo mmoja tu wa miaka sita anayemchosha mama yake wa ubatizo, lakini huyo si mgonjwa, ni kiburi.

Safari ilipangwa iwe Jumatatu. Kesho ni Jumapili, na basi la kwenda huko ni moja tu. Nimia hatangoja Jumatatu, atalipanda hilo la kesho.